Hapo Nitarudi Baadaye

Mwalimu wetu wa Kiingereza angetaka nianze kwa kuwaambia nitasema nini, kisha nikiseme, kisha nimalize kwa kuwaambia nimesema nini. Sianzi hivyo. Nimelelewa na mwanamke ambaye akitoka kwenda sokoni ukimuuliza anakwenda wapi anakujibu, "Nnafika hapo tu," na kikapu kiko mkononi. Akisafiri kwenda Pemba, majirani walipata habari ameshafika. Akishona nguo ya sikukuu, hata mimi mwanawe niliiona asubuhi ya Idi. Si kwamba alikuwa na la kuficha. Kwake yeye jambo ambalo halijafanyika halitajwi, kwa sababu likitajwa linapata macho, na macho ya watu mama yangu hakuyaamini hata kidogo. Mimi pia sikuyaamini, na mpaka leo siyaamini.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya somo la kuwasilisha utafiti kwa Kiingereza nilikaa karibu na mlango. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nami nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja huko Tunguu. Mwalimu alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mpole, aliyejitanda mtandio kwa adabu ingawa hakuna aliyemlazimisha. Upole wake nao niliutilia shaka. Alitugawia karatasi yenye misemo ambayo, alisema, humwongoza msikilizaji kama vibao vya njiani. Msemaji akitaka kuanza aseme "I'd like to begin by looking at" kitu fulani. Akitaka kuhama aseme "Let me now turn to" kitu kingine. Akitaka kukumbusha aseme "As I mentioned earlier", maana alishalitaja hapo nyuma. Na akiulizwa swali ambalo hataki kulijibu pale pale aseme, kwa tabasamu, "I'll come back to that later." Hapo nitarudi baadaye.

Vibao! Mtu wa Mji Mkongwe umwambie habari za vibao! Miaka ile nyumba za wageni zilikuwa zinaota kila kichochoro, na kila moja ilipigilia kibao chake chenye mshale kwenye pembe ya nyumba ya mtu. Mshale wa leo unaelekea kulia, kesho unaukuta umegeuzwa kushoto, na ukiuliza nani kaugeuza hakuna aliyeona. Nimewaona watalii wakiufuata mshale mpaka kwenye ukuta wa nyuma wa msikiti, wakasimama pale na mabegi yao wakitazamana. Sisi wenyeji tulipita bila kutazama juu. Kwa hiyo mwalimu aliposema kwamba vibao humsaidia msikilizaji asipotee, mimi nilijiuliza ni nani aliyevipigilia na anataka nifike kwake au kwa nani.

Nyumbani niliisoma ile karatasi kwa jicho la mtu wa forodha, kila msemo nikiugeuza kutazama chini yake kuna nini. "As you can see." Mbona unaniambia kwamba naona? Kama naona, naona. "In other words" ni ya mtu aliyeshindwa mara ya kwanza, sasa anaomba apewe ya pili. "To sum up" ni kujumlisha, na mtu anayejumlisha mbele yako mtazame vidole. "That's a very good question" hutolewa pale ambapo jibu halipo, maana swali likiwa zuri kweli hujibiwa, halisifiwi. Lakini ulionichukiza kuliko yote ni ule wa kurudi baadaye. Nilishaambiwa hivyo na maofisa, na mafundi, na mchumba mmoja, na kati yao sikumwona aliyerudi.

Kulikuwa na tatizo jingine. Mwalimu alitaka tuseme tutafanya, tukome hapo hapo. Nitaonyesha, nitaeleza, nitathibitisha, nukta. Mimi kila nikisema nitafanya, ulimi unaitafuta inshallah wenyewe, na usipoipata unakwama. Nikawa naisema chini kwa chini, baina ya sentensi na sentensi, mpaka mwalimu akasimama karibu yangu akauliza nanong'ona nini hapo katikati. Nikamwambia nakohoa. Darasa zima lilicheka, na aliyecheka zaidi ni mwenzangu mmoja ambaye yeye aliivua inshallah yake kama mtu anavyovua viatu mlangoni, akaingia kwenye Kiingereza miguu mitupu, akatembea humo kwa raha zake.

Mwenzangu huyo lazima nimweleze. Alikuwa kijana wa nyumba ya nyuma yetu, Mji Mkongwe, watu wa asili ya Arabuni waliokuwa na mashamba ya karafuu zamani na sasa wamebaki na picha za mashamba. Utotoni alisoma Maskati, akarudi na Kiingereza kilichonyooka na tabia ya kumfungulia kila mtu mlango. Ami yake alikuwa na nyumba ya wageni, na alikuwa anatafuta nyingine. Mtaani kila mtu alijua: ami yule akikuamkia vizuri siku mbili mfululizo, ujue ameshalitazama paa lako. Basi ukiwa na jirani wa namna hiyo, na mtoto wa nduguye mnasoma naye darasa moja, na anakufungulia mlango kila mkikutana, utamdhania nini? Mimi nilimdhania hivyo hivyo.

Na safari hii kulikuwa na jambo kubwa baina yetu. Chuo kilikuwa na nafasi moja ya mkufunzi msaidizi, na waliotajwa tulikuwa wawili, mimi na yeye. Kila mmoja angesimama mbele ya jopo, awasilishe utafiti wake kwa Kiingereza, aulizwe maswali, na baada ya hapo wangeamua. Mama alinisomesha kwa cherehani tangu baba alipofariki. Nafasi ile niliitaka kwa moyo wangu wote, niliitaka mpaka nikawa nayaona majina ya wanafunzi wangu wa baadaye. Simwambii mtu, lakini niliitaka.

Utafiti wangu ulihusu kuta. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua: unakunywa unyevu na kuutoa. Watu wa zamani waliupiga lipu ya chokaa. Watu wa sasa, wakiona lipu imechakaa, wanapiga saruji juu yake kwa sababu saruji ni ngumu na inakauka upesi. Unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajaa ndani, na jiwe nyuma ya ile saruji nzuri linageuka unga. Nilizipima nyumba mbili za watu walioniruhusu, na zote zilionyesha hivyo. Lakini nyumba iliyothibitisha jambo lenyewe ilikuwa ya tatu, nayo ilikuwa yetu.

Ukumbini kwetu, juu ghorofani, kulikuwa na ukuta mmoja mrefu. Nusu yake ilikuwa na chokaa ya babu. Nusu ya pili mama aliipiga saruji, ndani na nje, mwaka aliofiwa, ili nyumba isionekane imefiwa na mwenyewe. Ukuta ule ule, mawe yale yale, mvua ile ile. Nusu ya babu ilikuwa imara. Nusu ya mama ilikuwa inaanguka vipande, na mama alikuwa ameiwekea kabati kubwa mbele na kutandaza mkeka chini yake. Mtafiti angetafuta ukuta kama huo maisha yake yote asiupate, na mimi nilikuwa nakula futari mbele yake.

"Pima utakavyo," mama aliniambia. "Lakini huko kwenu Tunguu, nyumba yangu usiitaje."

"Nitasema nyumba fulani tu, mama. Sitataja mtaa."

"Ukisema fulani watauliza fulani ipi. Leo umeitaja, kesho anakuja mtu na futi kamba, keshokutwa wamenipiga rangi nyekundu mlangoni, nyumba mbovu, tokeni. Na yule wa nyuma yetu anangojea hapo hapo na pesa zake mkononi." Alikata uzi kwa meno. "Ukuta wangu mie si wa kusomwa na watu."

Hakuwa anatania. Mji ule, mtu akionekana anagonga ukuta kwa kidole, madirisha ya juu yanafunguka. Yeyote anayepima anadhaniwa katumwa. Mimi mwenyewe, kwenye zile nyumba mbili nilizoruhusiwa, niliulizwa kwanza nimetoka ofisi gani, halafu nikaulizwa nimetoka chama gani, ndipo nikapewa maji ya kunywa.

Hata hivyo aliniona mtu. Siku niliyokuwa naugonga ukuta wetu kwa nje, nimepanda ngazi ya mbao, nusu huku nusu kule, nikisikiliza wapi panalia pakavu na wapi panalia patupu, yule mwenzangu alipita kichochoroni. Akasimama. Akaukazia macho mpaka wa saruji na chokaa, palipoachana rangi. Kisha akanitazama mimi.

"Unapima kwenu?" akauliza.

"Nafuta buibui," nikamjibu.

Akacheka, akasema kazi njema, akaenda zake. Nilishuka ngazi nikiwa na hakika kwamba jioni ile ami yake angekuwa na habari. Ami hakuja. Hilo nalo lilinitia wasiwasi, kwa sababu mtu mwenye haraka unamjua anataka nini, lakini anayengoja humjui.

Tukaanza kufanya mazoezi darasani. Mimi nilitaja nyumba mbili. Mwanzo wa mazungumzo, pale ambapo mwalimu alitaka tumpe msikilizaji ramani, nilisema nitatazama nyumba ya kwanza, kisha nitageukia ya pili, kisha nitamaliza. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono. Alisema ramani yangu ni safi lakini anahisi ni fupi kuliko safari. Ukimwahidi msikilizaji vyumba viwili, akasema, basi ukitoka cha pili anavaa viatu. Kama una chumba cha tatu kitaje mapema, hata kama hujafika. Nikamwangalia. Nani kamwambia nina chumba cha tatu? Nikamtazama mwenzangu, naye alikuwa anachonga penseli kwa utulivu ambao haukuwa wa kawaida. Nikasema sina cha tatu.

Wiki ya uwasilishaji, dada yake mama aliugua, na mama akahamia kwake Kikwajuni kumuuguza. Nikabaki nyumbani peke yangu na ukuta. Nilifanya mazoezi ukumbini kwa sauti, nikiuhutubia ule upande wa babu. "Let me now turn to," namwambia babu, nageuka, nakutana na kabati. Kila nikipita pale nilijua kwamba jibu la swali la jopo liko nyuma ya sahani za mama, na kwamba nimeahidi kutoligusa. Ahadi ni ahadi. Niliudhika, sitaki kusema sikuudhika, lakini kabati sikulisogeza.

Siku yenyewe nilifika Tunguu mapema. Nilikuwa nje ya ukumbi, nimeshika picha zangu, nazipanga na kuzipangua, nilipomwona mama anakuja kutoka barabarani. Mama yangu, ambaye hajawahi kukanyaga chuoni kwangu, amevaa buibui jipya na viatu vya harusini. Hakuniambia kwamba angekuja. Bila shaka hakuniambia. Yeye haambii mtu. Nikaingiwa na hofu kwamba khaloo, yule dada yake mgonjwa, amefariki.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Khaloo vipi?"

"Marahaba. Khaloo yako hajambo, keshakunywa uji." Alitazama huku na huku. Wanafunzi walikuwa wanapita, walimu walikuwa wanapita. Mwenzangu alikuwa karibu, kaegemea nguzo, kavaa tai. "Nna neno nawe," mama akasema.

"Liseme."

"Tutafutie pa kukaa."

Kwetu neno lenye uzito halisemwi wima. Ukitaka kumpa mtu habari ya msiba, ya mali, ya mtoto, au ya kumwondolea dhamana, unamkalisha kwanza, mnaulizana hali, ndipo neno linatolewa. Mama angeweza kufa na neno lake mdomoni kuliko kulimwaga mlangoni mwa ukumbi mbele ya kijana wa nyumba ya nyuma. Nililijua hilo vizuri. Lakini kutoka ndani nilisikia jina langu linaitwa. Isitoshe, nilimshuku. Nilidhani neno lenyewe ni lile lile: nyumba yangu usiitaje. Nilidhani ametoka Kikwajuni mpaka Tunguu kuja kunilinda nisije nikaropoka.

"Mama, hapo ntarudi baadaye," nikamwambia. "Wananiita. Ntakuja kwako nikimaliza."

Alifungua mdomo, akaufunga. "Haya. Mungu akufungulie," akasema, akanitengeneza mtandio begani. Mwenzangu alimfungulia mlango, akamtafutia kiti nyuma, akamletea na maji. Nikaona yote hayo kwa pembe ya jicho.

Nilisema vizuri. Hilo hata nikiwa na kinyongo nitalisema. Nilianza kwa kupenda kuanza na, nikageukia, nikakumbusha nilichotaja hapo awali, na picha zangu zilitokea ukutani kwa mpangilio. Inshallah niliimeza yote. Nyumba ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na nilipofika "To sum up" niliwaona wanajopo wanazivisha kalamu zao vifuniko, kama mwalimu alivyosema. Chumba cha pili kimekwisha, wageni wanavaa viatu.

Ndipo mwenyekiti wa jopo, mhandisi wa makamo kutoka Bara, akaegemea mbele. Hakuwa mtu mbaya. Alisema nyumba yangu ya kwanza ina mfereji unaovuja, kama picha inavyoonyesha, na ya pili imeelekea baharini, inapigwa na chumvi mwaka mzima. Nitajuaje basi kwamba mkosaji ni saruji na si mfereji au bahari? Lilikuwa swali lenyewe hasa. Nilitoa sababu moja, nikatoa ya pili, nikasikia sauti yangu inapungua. Aliandika kitu. Alinipa tena nafasi kwa macho, nikaanza kuzipanga picha zangu upya.

Mwenzangu akanyanyua mkono. Watazamaji waliruhusiwa kuuliza. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa kile Kiingereza chake cha Maskati kwamba kama anaruhusiwa angependa kurudi kwenye nukta yangu ya pili. Je, mtafiti katika kuzunguka kwake hakupata kuona nyumba ambayo ukuta mmoja una vyote viwili, nusu chokaa na nusu saruji? Kwa maana nyumba kama hiyo, akasema, ingemaliza swali la mwenyekiti.

Mwenyekiti alivua tena kifuniko cha kalamu.

Nilimtazama yule kijana. Uso wake ulikuwa wazi, hauna kitu. Nami nilikuwa naamini kwamba uso usio na kitu ndio wa kuogopa. Nikiitika, atafuata na swali la pili: nyumba ipi, mtaa gani? Watu wa mji wamejaa humu ndani. Ami yake atasikia kabla ya magharibi kwamba ukuta wa mjane wa mbele unaoza. Nikikataa, nitakuwa nimedanganya mbele ya jopo, na mimi si mwongo. Nikamtafuta mama kule nyuma. Hajui Kiingereza hata cha kuombea chumvi, lakini aliona natazamwa, na aliona namtazama. Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, mara mbili. Nikaelewa ananiambia: hivyo hivyo mwanangu, funga mdomo.

"That's a very good question," nikasema. "I'll come back to that later."

Ilitoka laini, imenyooka, bila ya kukwama mahali popote. Mwalimu wetu alitabasamu kule pembeni kwa fahari, maana nilikuwa nimefuzu. Inshallah sikuitafuta, wala haikunitafuta, kwa sababu sikuwa na nia ya kurudi. Mwenyekiti alisubiri kidogo. Kisha akatazama saa yake, akanishukuru, akaita jina linalofuata.

Nafasi ile aliipata mwenzangu. Uwasilishaji wake ulikuwa mzuri, na maswali aliyoulizwa aliyajibu pale pale. Siku hiyo hiyo, baada ya watu kutawanyika, alinifuata kwenye kivuli cha jengo.

"Mbona hukusema?" akauliza, na safari hii alikuwa ameondoa Kiingereza. "Mie nimekufungulia mlango kabisa. Ule ukuta wenu ungewanyamazisha wote."

"Umenifungulia mlango wa nani?" nikamuuliza. "Wangu au wa ami yako?"

Nilitegemea akasirike, lakini alionekana kama mtu aliyemwagiwa maji ya vyombo kutoka ghorofani bila kujua kosa lake. Akasema, "Basi, samahani," akaondoka. Miaka imepita. Ami alinunua nyumba mtaani kwetu, tena ya pili yake, lakini si yetu, na kwetu hakupata kubisha hodi. Mwenzangu bado anafundisha, na tukikutana njiani bado anafungua mlango wowote ulio karibu. Naingia, nashukuru, lakini namtanguliza yeye kwanza.

Jioni ile nilirudi na mama nyumbani, Mji Mkongwe. Alitaka kulala kwake siku moja kabla ya kurejea kwa mgonjwa. Tuliswali magharibi. Nikapika chai. Tulikaa kwenye mkeka ukumbini, yeye kaegemea kabati lake, nami nikaona sasa ndio wakati wa kumpa furaha.

"Yule kijana wa nyuma aliuliza nini?" akaanza yeye. "Alisimama akafunga koti."

"Aliuliza kama kuna nyumba yenye ukuta wa nusu kwa nusu."

"Aliuliza hivyo?" Aliweka kikombe chini. "Na weye ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hapo ntarudi baadaye."

"Ukarudi?"

"Sikurudi, mama. Nyumba yako sikuitaja. Wameniuliza mpaka wamechoka, sikuitaja." Nilisema kwa kujivuna, naungama, nikangoja aniombee dua kama alivyozoea nikimfurahisha. Hakuniombea. Alikuwa anafuata ukindu wa mkeka kwa kidole. Nikakumbuka. "Na lile neno lako, la kule chuoni? Nilikwambia ntakuja kwako."

"Neno lenyewe lishapita wakati wake."

"Liseme tu, tumeshakaa."

Akasema, bila kunitazama, "Nilikuja kukwambia uitaje."

Kikombe changu nikakiweka chini.

"Nimekaa kwa khaloo yako wiki nzima namtazama mgonjwa. Nikasema moyoni, mie nnaficha ukuta. Ukuta ndo mwanangu? Waje na futi kamba zao, waje na rangi zao, mtoto apate kazi. Nikavaa nikaja." Alivuta pumzi. "Uliponitazama kule ndani nikakuitikia kwa kichwa. Nikadhani umejua."

"Mbona hukunambia pale mlangoni? Neno moja tu, mama!"

"Wima?" akasema, na alishangaa kweli. "Mbele za watu?"

Adhana ya isha ilikuwa bado. Nyuma ya kabati kitu kilichuruzika, na kipande cha saruji kikatokea chini, kikifuatwa na unga mweupe, vikaanguka kwenye mkeka kati yetu. Mama alivikusanya kwa kiganja, kama alivyofanya kila jioni, akainuka akachungulia kichochoroni kama kuna mtu anayepita, kisha akavimwaga dirishani.